Gia, kabureta na kiu ya petroli katika magari ya hotirodi

MAGARI ya hotirodi hayakuundwa kwa nia ya kubana matumizi ya petroli. Walioyaanzisha ni vijana wa kusini mwa jimbo la California, Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940, na hamu yao ilikuwa moja tu: kumpiku mwenzao kwa kasi juu ya sakafu tambarare ya maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Walinunua Ford kuukuu kwa bei ya kutupa, wakaling'oa madigadi, boneti na chochote kile kilichokuwa uzito wa bure, kisha wakaichokora injini hadi ikatoa nguvu ambazo kiwanda hakikuzitarajia. Lita ngapi ziliteketea katika shughuli hiyo halikuwa swali la mtu yeyote.

Hali ilianza kubadilika magari hayo yalipohama kutoka maziwa makavu hadi barabara kuu. Mnamo 1970, chama cha National Street Rod Association kiliandaa mkutano wa kwanza wa kitaifa wa wamiliki wa hotirodi mjini Peoria, jimbo la Illinois. Tangu hapo fahari ya mwenye gari haikuwa kasi pekee, bali pia kufika mkutanoni kwa magurudumu ya gari lake mwenyewe, hata kama safari ilikuwa ya zaidi ya kilomita elfu moja. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliikatia Marekani bidhaa hiyo. Foleni zilitanda kwenye vituo vya petroli, na mapema mwaka wa 1974 serikali ya Washington ikaweka kikomo cha kasi cha maili 55 kwa saa, sawa na kilomita 88, sheria ambayo ilifutwa kabisa mwaka wa 1995.

Tangu wakati huo, matumizi ya petroli yamekuwa suala linaloamua iwapo gari la aina hii litaendeshwa au litageuka pambo. Mwenye gari linalokwenda kilomita nne kwa lita moja ana mawili: alibebe kwa trela kila anapotaka kulionyesha, au aliache gerejini chini ya turubai. Ndiposa wapenzi wa hotirodi, watu ambao kwa kawaida hawajali gharama, hubishana kwa saa nyingi kuhusu meno ya difu na matundu ya kabureta.

Jambo la kwanza ambalo wengi wao hulisahau ni jinsi gari linavyohitaji nguvu kidogo ili liende kwa mwendo wa kawaida. Chukua Ford la mwaka wa 1932, lile linalopendwa kuliko yote. Lina uzito wa karibu tani moja. Likiwa halina madigadi, kioo chake kikiwa kimesimama wima na magurudumu yako wazi, linaikata hewa vibaya, na kigezo chake cha ukinzani wa hewa kinakaribia mara mbili ya kile cha gari la kisasa. Pamoja na hayo yote, hesabu zaonyesha kwamba kwenye barabara tambarare, kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, linahitaji takriban nguvu za farasi 25 tu kushinda upepo na msuguano wa tairi.

Injini ya V8 ambayo Ford iliitia ndani ya gari hilo mwaka huo wa 1932 ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na ilitoa nguvu za farasi 65. Ile ambayo mafundi wengi wameiweka mahali pake, Chevrolet ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, ambayo ilianza kuuzwa mwaka wa 1967, hufika farasi 300 bila jasho. Ina maana kwamba barabarani injini hiyo inatumia chini ya sehemu moja kwa kumi ya uwezo wake. Sehemu nyingine yote imelala, lakini haijalala bure.

Injini ya petroli hudhibitiwa kwa kuzibwa koo. Dereva anapoinua mguu, kilango cha hewa ndani ya kabureta hujifunga, na pistoni zote nane hulazimika kuvuta pumzi kupitia upenyo mwembamba, mithili ya mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Kazi hiyo ya kuvuta hula petroli bila kulisukuma gari hata hatua moja. Aidha, kila mzunguko wa injini una gharama yake ya msuguano: pete za pistoni zikikwaruza silinda, springi za vali zikibanwa, pampu za mafuta na maji zikizungushwa. Kadiri mizunguko inavyozidi kwa dakika, ndivyo gharama hiyo inavyopanda.

Dawa basi ni kuifanya injini izunguke polepole zaidi huku kilango chake kikiwa wazi zaidi, ili kazi ile ile ya farasi 25 ifanywe kwa mizunguko michache. Hapo ndipo gia zinapoingia.

HESABU YA DIFU

Uwiano wa difu ni idadi ya mara ambazo propela shafti inazunguka ili gurudumu la nyuma lizunguke mara moja. Namba hiyo huwachanganya wengi kwa sababu namba kubwa ndiyo gia fupi. Difu ya 4.11 huifanya injini izunguke zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Gari huruka kwenye taa za barabarani kama swara aliyeshtuliwa, lakini kwenye barabara kuu injini hupiga kelele muda wote. Difu ya 3.00 au chini ya hapo ni gia ndefu, na kazi yake ni kinyume cha hiyo.

Tuseme tairi ya nyuma ina kimo cha inchi 28, yaani sentimita 71. Kila inapozunguka mara moja, gari husogea mita 2.23 hivi. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, tairi hiyo huzunguka mara 746 kwa dakika. Kukiwa na difu ya 4.11, na gia ya juu ikiwa ni ya moja kwa moja, injini itazunguka mara 3,066 kwa dakika. Kwa difu ya 3.73 itazunguka mara 2,783, na kwa 3.00 itashuka hadi 2,238. Tofauti baina ya ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya mizunguko 800 kila dakika, na katika safari ya saa sita hiyo ni mizunguko karibu laki tatu ambayo injini ingeepushwa.

Tairi nayo ni gia, ingawa watu huitazama kwa jicho la urembo tu. Desturi ya hotirodi ni kuweka tairi kubwa nyuma na ndogo mbele ili gari liiname kama linalotaka kuchupa. Kubadilisha tairi ya inchi 28 kwa ile ya inchi 31 hupunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 10: mfano wetu wa kwanza hushuka kutoka 3,066 hadi 2,769. Sehemu ya faida hiyo hupotea kwa kuwa tairi kubwa ni nzito na hukinga upepo zaidi. Zile za mtindo wa zamani ambazo nyuzi zake zimepishana mshazari huchukua nguvu nyingi zaidi kuliko radio, lakini mwenye gari anayetaka sura halisi ya mwaka wa 1948 hatakubali kuambiwa hivyo.

Kwa nini basi kila mtu asiweke difu ndefu na kumaliza maneno? Kwa sababu gari lenye difu ndefu na giaboksi ya gia tatu huwa zito kuondoka. Dereva hulazimika kukanyaga mafuta zaidi kila anaposimama na kuondoka, na klachi huumia. Mjini, ambako upepo si hoja na uzito ndio hoja, alichookoa kwenye barabara kuu hukirejesha pole pole.

Tatizo hili lilijulikana mapema. Katika miaka ya 1930 na 1940, magari ya Ford yaliweza kufungwa ekseli ya nyuma ya Columbia yenye kasi mbili, ambayo ilitumia ombwe la injini kubadilisha gia na kupunguza mizunguko kwa takriban robo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, magari mengi ya Marekani yaliuzwa na kifaa cha ovadraivu cha Borg-Warner kilichofungwa nyuma ya giaboksi, chenye uwiano wa 0.70. Ovadraivu ni gia ambayo ndani yake propela shafti huzunguka upesi kuliko injini. Kifaa hicho cha kale bado kinatafutwa na wanaopenda kila kitu katika gari lao kiwe cha zama zake.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na viwanda vyenyewe, wala si na mafundi wa hotirodi. Kufuatia misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, Ford ilitoa giaboksi ya otomatiki ya AOD mwaka wa 1980, nayo General Motors ikatoa 200-4R mwaka wa 1981 na 700R4 mwaka wa 1982. Zote zilikuwa na gia ya nne ya ovadraivu. Kabla ya hapo giaboksi iliyotamalaki ilikuwa Turbo-Hydramatic 350 ya General Motors, ya gia tatu: 2.52, 1.52 na 1.00. Ile ya 700R4 ina gia nne: 3.06, 1.63, 1.00 na 0.70.

Namba hizo zastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndani yake mna jawabu la ubishi mwingi. Gari lenye Turbo 350 na difu ya 3.73 huondoka kwa uwiano wa jumla wa 9.40, yaani 2.52 mara 3.73. Likibadilishiwa 700R4 na kupewa difu ya 3.08, uwiano wa kuondokea ni 9.42. Hakuna dereva atakayetambua tofauti kwenye taa. Lakini kwa kilomita 100 kwa saa lile la kwanza huzungusha injini mara 2,783 kwa dakika, ilhali la pili, kwa tairi zile zile, huizungusha mara 1,608. Gari limepata vyote viwili, wepesi wa kuondoka na utulivu wa safari.

Giaboksi hiyo ina faida nyingine isiyoonekana kwenye namba za gia. Konvata ya zamani hupitisha nguvu kwa njia ya mafuta, na hata gari likitulia kwenye mwendo mmoja huteleza kidogo, jambo linalogeuza petroli kuwa joto. Konvata ya 700R4 hujifunga kabisa mwendo unapotulia. Kwa bahati mbaya, wengi wanaoihamishia kwenye gari la kale hawaungi waya wa kuifunga, na hivyo kutupa sehemu ya walichokilipia. Hatari kubwa zaidi ni ile kebo inayotoka kwenye kabureta hadi giaboksi. Isiporekebishwa barabara, shinikizo la mafuta ndani ya giaboksi huwa dogo mno na sahani zake huungua, wakati mwingine katika safari ya kwanza.

KAMSHAFTI HUKATAA

Ungetarajia kwamba mizunguko 1,608 ni bora kuliko 2,000, na 1,400 bora zaidi. Sivyo, na hapa ndipo magari mengi yaliyogharimu pesa nyingi huishia kunywa petroli kuliko yalivyokuwa awali.

Kamshafti ndiyo inayoamua vali zifunguke lini na kwa muda gani. Ile ya mbio huziacha wazi kwa muda mrefu, na kuna kipindi ambapo vali ya kuingizia na ya kutolea moshi zote ziko wazi kwa pamoja. Injini inapokwenda kwa kasi kubwa, kasi ya gesi hufanya mpango huo uwe na manufaa. Inapokwenda polepole, moshi hurudi ndani ya silinda na kuchanganyika na hewa mpya, sehemu ya mchanganyiko hutoroka bila kuungua, na mwako huwa wa kukohoa. Ule mlio wa kutikisika gari likiwa limesimama, ambao wapenzi wa hotirodi huuenzi, ndio sauti ya petroli ikipotea.

Injini ya namna hiyo hailali vizuri kwenye mizunguko 1,600. Hutetema, hukosa nguvu kwenye kilima kidogo tu, na dereva hushuka gia au hukanyaga zaidi. Mwenye kamshafti kali na giaboksi ya ovadraivu ni heri achague difu ya 3.55, ambayo kwa tairi zile zile itampa mizunguko 1,854 kwa kilomita 100 na 2,039 kwa kilomita 110, au hata ile ile 3.73 aliyokuwa nayo, itakayompa 1,948. Kwa maneno mengine, difu huchaguliwa baada ya kamshafti kujulikana. Anayeanza na difu anavaa viatu kabla ya soksi.

Kwa injini ya barabarani yenye kamshafti ya wastani, mizunguko baina ya 1,700 na 2,200 kwenye mwendo wa safari huwa ni mahali pazuri. Chini ya hapo faida hupungua haraka.

Kabureta nayo ina sababu yake ya kuukataa mwendo wa polepole mno. Kabureta za Holley zina vali ndogo ya nguvu inayofunguliwa ombwe la injini linapopungua. Ombwe likiwa dogo, kabureta hudhani dereva anataka nguvu zote, ikaongeza petroli. Vali iliyoandikwa 6.5 hufunguka ombwe linaposhuka hadi inchi 6.5 za zebaki. Injini ya kawaida huwa na ombwe la inchi 16 hadi 18 gari likiwa limesimama, lakini yenye kamshafti kali huweza kuwa na inchi nane au tisa pekee. Gia ikiwa ndefu kupita kiasi, dereva hukanyaga zaidi, ombwe huanguka, vali hufunguka, na gari husafiri siku nzima likinyweshwa mchanganyiko wa mbio. Kanuni ya mafundi ni kupima ombwe injini inapozunguka gari limesimama, kuligawanya kwa mbili, na kununua vali ya namba hiyo.

Mwinuko huongeza utata. Kwa kila mita 300 za kupanda, ombwe hupungua kwa takriban inchi moja. Kabureta iliyorekebishwa pwani ya California hujikuta na mchanganyiko mzito ifikapo Denver, jiji lililo mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Wenye magari ya kabureta wanaotoka Mombasa kwenda Nairobi, ambayo iko juu kuliko Denver, wanaijua hali hiyo kwa moshi mweusi na plagi zilizoparamiwa na masizi.

Kuhusu ukubwa wa kabureta, kosa la kale ni kudhani kubwa ndiyo bora. Injini ya inchi 350 inayozungushwa hadi mara 5,500 kwa dakika haiwezi kuvuta zaidi ya futi za ujazo 557 za hewa kwa dakika hata kama silinda zake zingejaa kikamilifu, na kwa hali halisi ni chini ya 500. Kabureta ya futi 600 inatosha na kubakisha. Ya 850 humfurahisha muuzaji. Katika matundu makubwa kupindukia hewa hupita polepole, haiwezi kuinyunyiza petroli vyema, na matone hufika silindani yakiwa hayajageuka mvuke.

Wanaotaka safari ndefu hupendelea Rochester Quadrajet, iliyoanza kutumika katika magari ya General Motors mwaka wa 1965. Ina matundu mawili madogo ya mbele yanayotumika wakati wa mwendo wa kawaida, na mawili makubwa ya nyuma yanayofunguka dereva akikanyaga hadi chini. Wapenzi wa mtindo wa kale hufunga Stromberg 97 tatu kwa mpigo. Hata hizo haziwi balaa iwapo fito zake zimeunganishwa kwa utaratibu, ile ya katikati ikifanya kazi peke yake na za pembeni zikisubiri. Zote tatu zikifunguka pamoja, mwenye gari asilaumu difu.

Mchanganyiko unaoungua kikamilifu ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli safi. Kwa safari ya mwendo uliotulia, injini nzuri hukubali 15 au hata 16. Wakati wa kukanyaga kwa nguvu huhitaji 12.5 hadi 13. Zamani fundi alikisia kwa rangi ya plagi. Siku hizi kitambuzi cha oksijeni kinachofungwa kwenye bomba la moshi humwonyesha dereva namba hizo akiwa barabarani, na pengine hakuna kifaa kingine kinachorudisha gharama yake mapema kama hicho.

CHECHE NA MENGINEYO

Kuna kipande kimoja ambacho hutupwa kwa ujinga kuliko vyote: kile kibakuli kidogo kilicho ubavuni mwa distributa, kinachowahisha cheche kwa kutumia ombwe. Magari ya mbio hayana, na hivyo mafundi waliotaka magari yao yaonekane ya mbio walikiondoa. Lakini gari la mbio hukanyagwa hadi chini muda wote. Gari la safari hutumia mchanganyiko mwepesi ambao huungua polepole, na cheche lazima iwahi sana ili mwako ukamilike kwa wakati. Kwa Chevrolet ya inchi 350, uzito wa distributa wenyewe huleta digrii 34 hadi 36 kabla ya pistoni kufika kileleni, na ombwe huongeza 10 hadi 15 wakati wa mwendo mwepesi. Bila nyongeza hiyo petroli huendelea kuungua kwenye bomba la moshi, injini hupata joto, na mwenye gari hununua radieta kubwa zaidi kutibu ugonjwa usiokuwa wa radieta.

Themostati ni hadithi nyingine ya namna hiyo, na si Marekani tu. Mafundi wengi, wakiwemo wa gereji za mitaani hapa Kenya, huing'oa wakiamini kwamba wanaisaidia injini kupoa. Injini isiyofikia joto lake la kazi, nyuzi 80 na zaidi za Selsiasi, haiigeuzi petroli kuwa mvuke ipasavyo na oili yake hubaki nzito.

Breki zinazoshika kidogo, bearingi zilizokazwa mno na magurudumu ya mbele yasiyolingana huchukua sehemu yake pia. Gari likisukumwa kwa mkono kwenye sakafu tambarare na likakataa kusogea, hilo ndilo la kushughulikiwa kabla ya mengine yote. Na kupunguza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa hupunguza nguvu ya ukinzani kwa zaidi ya robo katika gari lenye umbo kama hili. Hakuna giaboksi inayotoa punguzo la namna hiyo bila malipo.

MITA INAPODANGANYA

Taarifa nyingi zinazotolewa na wamiliki kuhusu kilomita kwa lita hazifai kuaminiwa, na si kwa sababu wanadanganya. Spidomita ya gari la kale huendeshwa na giaboksi, mahali ambapo propela shafti inaanzia. Mtu akibadilisha difu kutoka 4.11 hadi 3.08 bila kubadilisha gia ndogo ya plastiki inayoizungusha spidomita, mita yake itahesabu kilomita 75 kila anapokwenda 100.

Matokeo yake ni kioja. Gari lililokuwa likienda kilomita tano kwa lita huenda sasa linakwenda sita, lakini kwa hesabu ya mita linaonekana linakwenda nne na nusu. Mwenyewe huapa kwamba difu ndefu imeongeza matumizi ya petroli, huwasimulia wenzake, na wengine huirudisha difu ya zamani. Tairi kubwa huleta kosa la aina hiyo hiyo, ingawa dogo kidogo. Isitoshe, spidomita hiyo hiyo humwambia dereva anakwenda kilomita 75 kwa saa ilhali yuko 100, na askari wa trafiki hatakubali hesabu ya meno ya difu kuwa utetezi.

Kipimo cha kuaminika ni kujaza tangi hadi pomoni, kusafiri kilomita 200 au zaidi zilizopimwa kwa setilaiti au kwa vigingi vya barabara, kisha kujaza tena kwenye pampu ile ile.

Je, gharama zinarudi? Gari la kilomita tano kwa lita likiendeshwa kilomita 3,000 kwa mwaka hutumia lita 600. Likifikishwa kilomita saba kwa lita hutumia lita 429. Akiba ni lita 171 kwa mwaka, na giaboksi ya ovadraivu pamoja na kazi ya kuifunga hugharimu maelfu ya dola. Kwa mwendo huo mwenye gari atasubiri miaka mingi sana. Kwa mtazamo wa fedha tupu, vali ya nguvu, distributa na themostati, ambazo zote hugharimu pesa kidogo, ndizo za kwanza kutengenezwa, na difu hufuata iwapo ekseli ni ya aina inayobadilishwa kwa urahisi. Ekseli ya Ford ya inchi tisa, iliyotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1986, inasifika kwa hilo kwa kuwa mtambo wake wote wa meno huchomolewa kwa mbele na kufanyiwa kazi mezani.

Ambacho ovadraivu hununua hasa ni masafa. Tangi la lita 45 lililompa dereva kilomita 225 sasa humpa 315, na katika majimbo ya magharibi mwa Marekani, ambako vituo vya petroli vimetawanyika jangwani, hiyo ni tofauti kati ya kufika na kutofika. Humpunguzia pia kelele, joto la injini na uchovu.

Wapo ambao hawataki kuchagua kati ya safari na mbio. Hao hufunga ekseli ya nyuma iliyopewa umaarufu na Ted Halibrand baada ya Vita vya Pili, ambayo nyuma yake ina kifuniko, na ndani ya kifuniko hicho jozi moja ya gia zinazotolewa kwa mkono. Jozi hiyo ikigeuzwa, ya juu ikawekwa chini, uwiano hubadilika, na jozi nyingine huweza kubebwa kwenye buti. Dereva husafiri kwa gia ndefu, akifika hulaza gari kando, humwaga oili kwenye beseni, na kwa muda mfupi huwa na difu ya mashindano. Meno yake yaliyonyooka hulia mluzi unaosikika kutoka mbali na, kwa kuwa ni jozi moja zaidi ya kupitisha nguvu, hula petroli kidogo ya ziada. Wenyewe wanaujua ukweli huo, na huulipia mluzi kwa hiari.